Mama Luka na Pilau ya Krismasi ya Shule

Mgahawa wa Mama Yasmini,
Barabara ya Ushirombo,
Katoro, Geita.
5 Desemba 2024

Mpendwa dada Zuhura,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hali yako huko Masasi? Shemeji mguu wake umepona kweli, au bado anauburuza huku anadai amepona? Na korosho mmeuzaje mwaka huu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama yuko Ibadakuli, presha imetulia, anakula vizuri na anagombana na majirani juu ya kuku wao wanaomparulia bustani, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Mume wangu Ayubu anaendelea na biashara yake ya pampu Nyarugusu. Mvua zimejaza maji kwenye mashimo ya wachimbaji, basi kwake ni neema tupu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini mtandao ungekatika katikati na mimi sitaki utamu wa jambo hili upotee hata kidogo. Kaa chini, mimina chai. Dada yangu, nimelipa kisasi.

Ulipokuja msibani mwezi wa kwanza uliniuliza mbona nimekonda, nikakwambia ni malaria. Haikuwa malaria. Ilikuwa Mama Luka.

Huyu Mama Luka ni mke wa Bujiku, yule mwenye mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Mtoto wao Luka anasoma darasa moja na Yasmini wangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na hakuna anayekumbuka kumpigia kura. Mumewe alileta saruji ya ukuta wa shule, basi uenyekiti wa mke ukaja na saruji hiyo.

Kila mwaka kabla watoto hawajafunga, shule hufanya tamasha la Krismasi la kuchangisha. Watoto wanaimba na kuigiza, wazazi wanaweka meza za biashara, keki inapigwa mnada, mbuzi anapigwa mnada, mgeni rasmi anaahidi mabati. Krismasi si sikukuu yetu, lakini shule ni ya watoto wetu wote, na chakula cha siku hiyo nilikuwa nakipika mimi tangu Yasmini anaanza chekechea. Masudi wa buchani anachinja, mimi napika, Waislamu na Wakristo wanakula sahani moja bila mtu kuulizana. Nilikuwa naona fahari, sikufichi.

Mwaka jana nikapika kama kawaida. Mama Luka akasema yeye atatengeneza juisi ya pasheni, ndoo kwa ndoo. Watu wakala, wakanywa, wakacheza. Jua halijageuka vizuri, watoto wakaanza kutapika. Mmoja, wa pili, mara uwanja mzima ni vilio. Mimi niko na khanga nawafuta watoto wa wenzangu midomo, nikamsikia Mama Luka kwenye kipaza sauti:

"Wazazi, acheni hiyo pilau! Mwageni! Tumeletewa nyama iliyolala!"

Dada, nilisimama pale na khanga imelowa matapishi, watu wote wamenigeukia. Mama mmoja alimwaga sahani yake karibu na miguu yangu. Hakuitupa kwenye pipa. Aliimwaga nilipokuwa nimesimama.

Watoto walipona wote, Mungu mkubwa. Lakini sikiliza hili. Vaishali, mke wa yule Mhindi wa duka la vitambaa, ana mapacha pale shuleni. Watu wa nyumba yake hawali nyama. Mapacha wake hawakugusa pilau yangu hata punje, walikunywa juisi tu, na walitapika kuliko wote. Vaishali mwenyewe alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Theonest, akamweleza. Na mpishi wa shule akasema wazi kwamba maji ya juisi yalichotwa kwenye tangi la nje, lile la kumwagilia miti, na hayakuchemshwa.

Unajua Mwalimu Theonest alijibu nini? "Mama, mambo yameshapita. Tusiharibu Krismasi ya watu."

Krismasi ya watu haikuharibika. Iliharibika ya kwangu mimi nisiye na Krismasi. Mgahawa ukawa mtupu. Madereva wa malori waliokuwa wanaegesha hapa mlangoni wakawa wanapunga mkono tu na kupita. Vijana wa bodaboda wakiniona sokoni wanaulizana kwa sauti, "Leo nyama imeamka?" Haya yote ningeyameza. Lakini shuleni Yasmini walimpa jina. Walimwita Kiporo. Mpaka vitoto vya chekechea: Kiporo, Kiporo. Siku moja akaniambia, "Mama, nihamishie kwa bibi Ibadakuli, kule hawanijui." Mtoto ana miaka kumi, dada, anataka kukimbia mji.

Ayubu akasema tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu nimeshamwachia dhambi zangu, huyu mwanamke nitamshughulikia mwenyewe.

Nikangoja. Wewe unanijua, utotoni nilikuwa siwezi kungoja hata ubwabwa uive. Huyu nilimngoja. Nikikutana naye namsalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mama Luka," naye anaitikia kama mtu anayetoa sadaka.

Mwezi wa tisa tukaitwa kikao cha wazazi kupanga tamasha la mwaka huu. Mama Luka akasimama na wigi jipya, akasema safari hii chakula kitakuwa chini yake, "maana mwaka jana tulijifunza kwa uchungu." Akanitazama. Watu wakanitazama. Nikanyoosha mkono.

"Namuunga mkono mama mwenyekiti," nikasema. "Tena naomba tusimwachie usimamizi tu. Apike mwenyewe, kwa mikono yake, pale pale uwanjani mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Kila mtu aone nyama inavyooshwa na maji yanavyochemka. Hofu itaisha."

Makofi, dada! Walipiga makofi mpaka wengine wakasimama. Wazazi walidhani nimejishusha. Mama Luka akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, nitafanya hivyo." Angesema nini? Nilijua, na Vaishali alijua, kwamba mwanamke yule hajapika sufuria kubwa tangu azaliwe. Kwake anapika binti wa kazi, naye anapika ugali wa watu watano.

Nilijua pia atakodi mpishi na kumwita msaidizi. Basi nikawazungukia wapika pilau wote wa Katoro, wale wa sokoni, wa stendi, wa kwenye harusi. Sikuwaomba kwa magoti. Niliwaambia tu, "Alivyonisema mimi amewasema nyinyi. Miezi mingapi watu walikuwa wananusa sahani zenu?" Wakaelewa. Mama Luka alipowatumia watu, mmoja alikuwa na msiba, mwingine mgonjwa, mwingine kasafiri Kahama. Chakula cha kisasi changu kilipikwa na wanawake wengi, na wote waliweka chumvi.

Jumamosi ya tamasha nilivaa lile gauni la hariri ulilonishonea, nikajipaka wanja, nikakaa mstari wa mbele na Yasmini pembeni yangu. Sikwenda hata na kijiko. Vaishali alikaa upande wa pili, akanong'ona, "Mama Yasmini, leo nimekuja na njaa kwa makusudi."

Mama Luka alikuja na aproni nyeupe iliyotariziwa jina lake. Masufuria matatu makubwa, kuni mbichi kwa sababu ya mvua, moshi ukimfuata kila anakohamia. Aliweka mchele nyama haijaiva. Akaona maji machache, akaongeza. Akaona mengi, akachochea moto. Akakoroga! Pilau, dada, akaikoroga kwa mwiko kama anasonga. Wanawake wote pale walivuta pumzi mara moja. Mimi nilikunja mikono juu ya mapaja yangu nikatulia kama niko msikitini.

Watoto wakaimba, wakamaliza. Keki ikapigwa mnada, ikaisha. Mgeni rasmi, mzee mmoja mpole kutoka wilayani, akaongea, akamaliza, akakaa akitazama kule kwenye moshi. Hatimaye wakamletea sahani. Chini imeungua, katikati ni uji, juu mchele unalia mdomoni kama changarawe. Alitia tonge, akatulia nalo. Hakutafuna, hakumeza. Uwanja mzima unamwangalia. Akachukua leso, akajifuta polepole, na alipoiondoa leso tonge halikuwepo mdomoni.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wote.

Hapo ndipo Mwalimu Theonest alipokuja kwangu, jasho linamtiririka, ameinama kama anaposa.

"Mama Yasmini, tunakuomba. Watoto hawajala tangu asubuhi. Mbuzi wa mnada yupo, Masudi yupo, mchele upo."

"Mwalimu, mimi si nalisha watu nyama iliyolala?"

"Yale yameshapita, mama."

"Kwako," nikamwambia. "Mpe Mama Luka kipaza sauti. Aseme juisi ilitengenezwa kwa maji gani. Akishasema, nitavua viatu hivi nipike."

Mama Luka akaja mwenyewe, uso una masizi, aproni haina tena weupe. "Mama Yasmini, tuongee pembeni," akasema.

"Pembeni hapana. Mwaka jana hukunisema pembeni."

Akamtafuta mumewe kwa macho. Bujiku alikuwa anaangalia simu. Akawatazama wanakamati wenzake, kila mmoja akapata kazi ya kufanya na kiti chake. Nadhani ndipo alipojua yuko peke yake, kama nilivyokuwa mimi na khanga yangu. Moyo wangu ulitaka kulegea kidogo. Nikamwangalia Yasmini, nikalisikia kichwani lile jina, Kiporo, moyo ukakaza tena.

Akakichukua kipaza sauti. "Wazazi," akasema, "mwaka jana watoto waliugua kwa juisi yangu. Maji yalikuwa ya tangi la nje. Sikuyachemsha. Pilau ya Mama Yasmini haikuwa na kosa. Nilijua jioni ile ile, nikanyamaza."

Alijua jioni ile ile! Hilo hata mimi sikuwa nalo. Mwaka mzima mwanangu anaitwa Kiporo, na mwenyewe anajua.

Vaishali ndiye aliyeanza kupiga makofi, peke yake, taratibu. Wengine wakafuata. Mimi sikupiga. Nilivua viatu.

Masudi akachinja. Wanawake wakaja kunisaidia, hata wale waliosema wana misiba wakatokea na visu vyao, sijui walikuwa wamejificha wapi. Nikawashukuru, nikawapangia mchele, nyama, viungo. Ikabaki gunia la vitunguu. Kila mtu akalitaka. Nikasema hapana, hili ni la mama mwenyekiti.

Nikamwekea kigoda katikati ya uwanja, mbele ya mgeni rasmi. Akamenya, dada. Akamenya na kukata vitunguu vyote, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, wigi limekwenda upande. Watu wakawa wanasema maskini, amejuta, ona anavyolia. Mimi na wewe tunajua, mama alitufundisha, kwamba ukivitia kwanza kwenye maji havikutoi machozi. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wangu. Nikaiacha hapo hapo.

Walikula jua likiwa linakaribia kuzama, na nakuapia sijawahi kupika pilau kama ile. Mgeni rasmi aliongeza mara mbili na kuahidi mabati zaidi. Yule mama aliyenimwagia sahani miguuni alikuja na bakuli tupu. Nikampa, lakini nilimpa mfupa.

Ayubu anasema nimezidisha. Anasema kukiri kulitosha, vitunguu havikuwa na sababu. Nimemwambia yeye hajaitwa Kiporo. Malori yameanza kuegesha tena, na jana nililazimika kuazima viti kwa jirani. Shuleni hilo jina limekufa. Sasa wanamwita Luka "Bokoboko", kwa ule uji wa mama yake, na Yasmini nimemsikia akiwakatalia wenzake, anawaambia waache. Sijui huruma hiyo ameitoa wapi, kwangu si kwamba haipo, ila siku hizi iko mbali kidogo. Nimemwacha afanye apendavyo.

Juzi Mama Luka alikuja hapa mgahawani, bila wigi, na kitenge kipya mkononi. Akasalimia, akakaa pembeni kama mteja asiye na hela. Mwisho akasema anataka nimfundishe kupika pilau, maana mumewe amemcheka mbele ya wafanyakazi. Nilikipokea kitenge. Ni kizuri, kimetosha mapazia mawili ya jikoni na kimebaki cha kushikia masufuria ya moto.

Nisalimie shemeji, umwambie akanyage mguu wote. Nisalimie Akida na wadogo zake, na bi mkubwa wa nyumba ya pili aliyenipa achari. Mama anakuombea, Yasmini anasema shikamoo mama mkubwa na anaomba korosho zisizokaangwa. Mungu akulinde na macho mabaya, akupe rizki isiyo na kelele, na asikukutanishe na mtu wa kukusema kwenye kipaza sauti.

Na kuhusu Mama Luka, nimekubali kumfundisha. Anaanza Jumatatu. Nimemwambia somo la kwanza ni kusugua masufuria, na la pili pia.

Mdogo wako akupendaye asiyesahau,
Chausiku