Tawi la Baba Clavery

Kamachumu, Jumapili baada ya misa

Kaka Avit,

Huku mikahawa imechanua, na harufu yake inaingia pamoja na ukungu hadi hapa ninapoandika. Sisi ni wazima.

Baba aliniomba nimchoree mti wa ukoo kwenye kompyuta, ubaki na matawi yenye watu walio hai tu. Babu alizaa wawili, baba yangu na baba yako Clavery, basi kila jina nikalipatia nafasi ya matawi mawili. Programu niliyoandika hujiita yenyewe kwa kila jina, ikishuka hadi la mwisho, kisha hurudi juu ikimkata kila marehemu asiye na aliye hai chini yake. Aliye hai ni moja, marehemu ni sifuri.

Kwako sikujua niandike nini. Miaka sita umekuwa kimya, hata kwenye mazishi ya baba yako hukuonekana. Niliandika sifuri.

Baba alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu. "Clavery yuko wapi?"

"Amekatwa, baba. Chini yake hakubaki mtu."

Mvua ikaanza kunyesha taratibu juu ya migomba. Kisha baba akasema, "Mrudishe Avit, ili mdogo wangu arudi."

Nikaandika moja. Majina yenu yakatokea pamoja, la baba yako juu, lako chini yake. Baba akatabasamu.

Hafidhi, dereva wa lori, anasema alimwona mtu kama wewe Kigoma, nami nampa barua hii. Ukiipata, nijibu hata mstari mmoja, maana baba anadhani ninajua kuwa u hai.

Dada yako,
Elieth