Kihenge Kinachomngoja Baba

Kijiji cha Ilangu,
Makazi ya Mishamo,
Mpanda.
17 Julai, 1994

Mpendwa Shangazi, Sista Capitoline,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba baridi ya huko hulifanya lilie kama bawaba ya mlango, nasi tunaomba jua liwe limewafikia sasa. Na wale wazee mnaowatunza, wote wapo? Bibi anamuulizia hasa mama Remedios, yule asiyetaka kuvaa soksi.

Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya salamu mtu huandika, "Sisi hatujambo." Leo nimeshindwa kuliandika neno hilo. Tuko hai, Shangazi. Mama yupo, Dieudonne yupo, Bibi yupo. Mtoto, mdogo wetu wa mwisho, naye yupo, ingawa miguu yake imekuwa myembamba na ameacha kutambaa.

Barua yako ya Pasaka ilifika mwezi wa tano. Nimeisoma kwa sauti mara nyingi, hata Dieudonne anavijua vichochoro vya kijiji chenu cha Fuenrobla huko ng'ambo kuliko vijiji vya hapa Mishamo. Tumezipenda nyumba zenu za mawe zilizoegemeana kama watu wanaoota moto. Tumesikitika kwamba shule yenu imefungwa kwa sababu wamebaki watoto wawili tu. Na tumewapenda wale akina mama wanaotoa viti nje jioni na kumenya maharage wakiwa wameipa barabara mgongo. Hapo Bibi alinikatiza.

"Wameipa mgongo? Sasa umbea wanaupataje?"

"Kwa masikio, Bibi," Dieudonne akasema.

"Basi hao ni wenzangu. Macho yangu nayo yalishastaafu."

Alicheka mpaka akakohoa. Hajacheka tena tangu siku ile.

Ulisimulia pia habari ya kengele. Ukungu ukishuka mlimani na kuna mtu hajarudi, mzee mmoja hupanda mnarani na kuipiga taratibu, mpaka aliyepotea aifuate ile sauti na kufika kwao. Bibi alinirudisha hapo mara tatu. Kisha akasema kwamba yeye angekuwa na kengele kama hiyo angeipiga mpaka mwanawe Séverin aisikie huko Ruyigi, katika nchi waliyoikimbia wazee wetu.

Maana habari za Baba hakuna, Shangazi. Mdogo wako alipoondoka Septemba mwaka jana kwenda kuliangalia shamba la marehemu Babu, alituambia atakaa wiki tatu. Oktoba kule kukachafuka, na watu wakaanza kukimbilia huku tena. Alois, jirani yetu aliyesafiri naye, alirudi mwezi wa pili akiisukuma baiskeli ya Baba. Alisema walipotezana njiani watu walipotawanyika. Hakumwona akianguka, hakumwona akivuka. Mama aliipokea baiskeli, akaifuta vumbi, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani.

Mvua ya mwaka huu nayo ilikatika mapema. Mahindi yalinyauka kabla ya kutoa mbelewele. Maharage hatukurudisha hata mbegu. Kilichovumilia ni mtama peke yake. Tuliuvuna mwezi wa sita, tukaupura, kihenge kikajaa mpaka shingoni. Na hatujala hata punje moja.

Desturi ya nyumba yenu unaijua kuliko mimi. Mtama mpya haupikwi mpaka baba mwenye nyumba aonje malimbuko kwa mkono wake. Mwaka jana Baba alikaa kwenye kigoda, Bibi akampa tonge la kwanza, akalitafuna polepole kwa makusudi huku sisi tukimeza mate, ndipo akasema, "Haya, mwaka umefika." Mwaka huu kigoda ni kitupu. Mama alimwomba Bibi kwamba Dieudonne aonje badala yake, maana ni mtoto wa kiume ingawa ana miaka kumi.

Bibi akasema, "Mtoto huonja baba yake akishazikwa. Mnataka nimzike mwanangu kwa tonge la ugali?"

Mama hakuwa amewahi kumjibu mkwewe. Siku ile alimjibu. "Na hawa, Mama, utawazika kwa tonge gani?"

Tangu hapo wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie mama yako maji yamechemka." "Mwambie Bibi nimesikia." Wote wako jikoni, hatua mbili tu kati yao, na mimi napeleka maneno kama karani.

Mama analima kibarua kwenye mashamba ya watu na kurudi na mihogo kwenye ungo. Ikichelewa, tunakunywa uji wa makapi. Ukilaza sikio kwenye kihenge unawasikia fukusi wakitafuna. Wao hawakumngoja mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Kuna kipande cha barua yako ambacho mimi nilikishika kuliko vyote, kile cha sikukuu ya Agosti. Uliandika kwamba ngano mpya ikishasagwa, kila nyumba hupeleka mkate wake kwenye tanuri la kijiji, ukiwa umepigwa muhuri wa mti wenye alama ya ukoo ili mikate isichanganyike. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeukata. Lakini wengi wamekwenda miji ya mbali kutafuta kazi na wengine hawaandiki tena, kwa hiyo kiti cha asiyekuwapo huwekwa mezani, kipande chake hufungwa kwenye kitambaa safi, dada yake mkubwa hukata kwa niaba yake, na wote hula. Niliposoma hapo niliona kwamba watu wa Fuenrobla hawajaacha kumngoja mtu wao. Wanamngoja wakiwa wameshiba.

Nilimwambia Bibi hivyo. Alisema, "Hao ni watu wa ngano. Mtama una masharti yake." Lakini baada ya kitambo akaongeza mwenyewe: "Labda Capitoline. Ndiye mtoto wangu wa kwanza, na hakuolewa. Angeolewa angekula malimbuko ya ukoo mwingine. Huyo bado ni wa nyumba hii. Lakini Capitoline hajasema neno."

Hapo ndipo nilipokosa, Shangazi, na nakuomba msamaha kabla sijamaliza kueleza. Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilimsomea tena barua yako. Nilipofika mwisho niliongeza maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma: "Mama, mtama ukikauka kabla Séverin hajarudi, mimi mkubwa wake nasema ufunguliwe." Nilisoma kwa sauti ile ile. Mama aliacha kuchambua mboga. Nilidhani tumepona.

Bibi akasema, "Barua hii nimeisikia mara saba. Neno hilo lilikuwa limejificha wapi?"

"Lipo nyuma ya karatasi, Bibi. Sikuwa nimegeuza."

"Nipe."

Aliipokea akaigeuza, akapitisha vidole vyake upande wa nyuma, kutoka juu mpaka chini, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. "Huku ni laini," akasema. "Kalamu huacha makovu, Vestina. Hapa mwanangu hajasema kitu." Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliikunja barua akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, na amesema barua yako ijayo haitasomwa na mimi. Itasomwa na katekista Makarius, mbele ya majirani.

Kwa hiyo nakuomba utuandikie mwenyewe, kwa mkono wako. Nakuomba useme kwamba sehemu ya Baba itengwe, ifungwe vizuri na kuwekwa juu darini, na wengine tule. Najua unaweza kuona uzito kulisema ukiwa mbali. Mimi pia naliona zito. Usiku naogopa kwamba kwa kuomba chakula ninaomba Baba awe amekufa, kisha mtoto analia na ninaacha kuogopa, na hilo linanitisha zaidi. Wewe ni mtu wa sala. Niambie kama ni dhambi.

Mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa. Mwalimu Gaudensi anasema naweza kuchaguliwa, ila nipunguze kusinzia darasani. Sijamweleza kwa nini ninasinzia. Nafanya hesabu zangu asubuhi, wakati kichwa bado kina nguvu, na nyingi ninazipata.

Nilikuwa nafunga barua hii Bibi akatoka ndani akipapasa ukuta. Akauliza ninamwandikia nani. Nikasema, Shangazi. Akakaa kwenye mkeka, akampakata mtoto, akasema, "Isome. Na safari hii usiongeze wala usiruke."

Nimemsomea yote, hata uongo wangu, hata maneno ya Mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. Bibi ameipapasa miguu ya mtoto mpaka kivuli cha paa kikamfikia. Kisha amesema nikuandikie hivi, na haya ni maneno yake, si yangu:

"Capitoline, usiniandikie kwamba amekufa. Usiniandikie kwamba yu hai, maana hujui. Andika tu: kuleni. Na uandike upesi."

Halafu amegeuza uso upande wa mlango na kumwambia Mama, yeye mwenyewe, bila kunituma, asogee amshike mtoto, mkono umekufa ganzi.

Mama anakusalimu sana. Dieudonne anawasalimu wale watoto wawili wa kijiji chenu, anauliza wanacheza mpira na nani. Wasalimie masista wenzako, na mama Remedios umwambie Bibi anasema avae soksi. Bwana akulinde katika nyumba hiyo ya wazee, akuponye goti, na barua yako aishike mkono njiani isipotee.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye na kukungoja,

Vestina