Kaburi Alilofagia Mama

Kambi, Kisian
Jumanne

Kaka yangu Okello,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mgongo wa Agneta umetulia. Sisi tupo, ingawa Mama anakohoa na mimi sijalala vizuri siku ya nne leo. Usishangae kuletewa karatasi na Caren wa samaki wakati simu unayo. Simu yako huiweka spika, soko zima la Awasi likasikia, na haya si ya soko.

Tangu tuambiwe kwamba Kambi itazungushiwa ua iwe hifadhi ya mambo ya kale, huku watu wananong'ona tu. Kwa ajili ya zile nyumba sita za mawe, ambazo Waingereza wa kwanza walizijenga reli ilipofika ziwani kisha homa ikawafukuza, sisi ndio tutahamishwa! Boma letu litaingia ndani ya ua, tusipoonyesha kwamba tulikuwepo kabla yao. Karatasi hatuna. Tuna kaburi la babu mkuu Aloo, upande wa kulia wa mahali ilipokuwa nyumba ya mke wake wa kwanza, kama desturi yetu inavyotaka. Ndiyo maana ulikubali lifunguliwe, na ndiyo maana Ijumaa utashika Biblia mbele ya kikao cha ardhi.

Unajua pia kwamba nilipata kibarua pale pale, cha kuosha vitu vinavyotoka ardhini. Nimeosha misumari, chupa za dawa na vipande vya sahani hadi vidole vimechakaa. Daktari Seline, anayesimamia uchimbaji, ni mpole lakini jicho lake halipitwi na kitu. Kaburi lilipofunguliwa, taya la chini lilitoka limefunikwa na tope gumu, likalala stoo, kesho yake nikapewa mimi nilioshe. Nilipolirudisha mezani halikuwa na meno sita ya mbele. Daktari aliruka kwa furaha. Alisema huyu ni mtu wa kwetu kabisa, aling'olewa meno sita ya chini ujanani kama wazee wote wa zamani, kama baba yetu aliyekuwa akipiga mluzi kwa lile pengo kila akitaja jina lako. Nilikupigia simu saa ile ile, nawe ukaimba.

Ijumaa iliyopita walikuja wanafunzi. Daktari akawa anawaeleza kwamba jino liking'olewa mtu angali hai, mfupa hujifunga na shimo hupotea. Alilishika taya ili awaonyeshe. Alichukua kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu, kisha akawaambia waende wakanywe chai. Mashimo yote sita yalikuwa wazi. Tangu hapo anamhoji Bakari, mlinzi anayekaa na ufunguo wa stoo, na jana alimwambia asipojieleza kufikia kesho aondoke. Bakari analia kama mtoto na kuapa kwamba hajui lolote. Na ni kweli hajui.

Okello, ni mimi. Tope lilipotoka niliyaona meno yote ya chini, mazima. Mtu mzima wa enzi ya Aloo mwenye meno yote ya chini si mtu wetu. Niliona boma linakwenda. Nililishika taya kwa leso, nikayatoa yale sita ya mbele, mengine kwa vidole na mawili kwa mpini wa kijiko. Nilijiona mjanja. Ya mfupa kujifunga sikuyajua. Yamo kwenye kopo la mafuta chini ya kitanda changu, na ndiyo sababu silali.

Kesho asubuhi nitampelekea Daktari kopo hilo mkononi, Bakari akiwepo. Kibarua kitakwisha, na huenda nikashitakiwa. Wewe usiape Ijumaa. Waambie hatujui Aloo alilala wapi, kwa sababu hatujui. Heri tuhamishwe kuliko wewe ushikilie Biblia kwa uongo wangu.

Mama nilimwambia leo. Unajua amelifagia kaburi lile miaka arobaini, huku akiwatukana Waingereza. Sasa Daktari anadhani aliyelala humo ni mmoja wao, wa mwaka ule wa homa. Nilingoja anipige. Aliuliza kama mama wa huyo Mwingereza alipata kujua mwanawe alizikwa wapi. Nikasema sidhani. Akaamka, akachukua ufagio, akaenda akafagia ukingo wa lile shimo kama kila siku. Mara hii hakutukana mtu.

Msalimie Agneta, uwabusu watoto. Caren anarudi Alhamisi. Mpe jibu lako, hata kama ni la hasira. Nitalipokea.

Ni mimi dada yako,
Adero