Krimu ya Baba

9 Januari

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Baba na ile cherehani yako ambayo nayo naihesabu kama mtu wa nyumbani. Mimi sijambo. Mgongo unauma kwa kuinama kwenye mashine za kufulia, lakini hapa kila mtu ana mgongo wake wa kulalamikia, kwa hiyo nanyamaza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nusu ya maneno yanapotea, na haya sitaki lipotee hata moja. Uliniambia ngozi ya Baba imekauka mpaka inapasuka, na anajikuna hadi shuka zinatoka na damu. Miaka thelathini ya kupaka rangi nyumba za watu na kunawa mikono kwa thina ya kuyeyushia rangi, tungetegemea nini? Krimu ile ambayo kliniki yenu ilimwandikia mkaikosa madukani, nimeipata huku. Nakutumia makopo matatu makubwa.

Nesi wa wodi ya ngozi, hapa hospitalini ninakofua, amenifundisha yote. Baba aoge maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni aiache, ajisafishe kwa krimu hiyo hiyo. Ajifute kwa kugusagusa taulo, na ngozi ikiwa bado ina unyevu ndipo umpake. Chota kwa kijiko safi, usitumbukize vidole koponi. Paka nyingi, ufuate vinyweleo vinakoelekea, halafu uiache iingie yenyewe. Hata akipata nafuu msiache. Na sakafu ya bafu itateleza, kwa hiyo tandika mkeka wa mpira kabla hatujapata mgonjwa wa pili.

Sasa soma hapa mara mbili. Krimu yenyewe ikiwa koponi mwake haina neno, ila inaingia kwenye nguo na mashuka na kukaukia humo. Nguo ya namna hiyo ikiguswa na moto inashika upesi sana. Haijalishi krimu ni nzito au nyepesi, na kufua kunapunguza tu, hakumalizi. Kwa hiyo nina swali moja, na naomba unijibu kama dada yangu. Baba bado anavuta?

Ukiniambia anavuta, sitamnyima krimu wala sitamsema. Nesi anazo njia za kuwasaidia wazee wasioweza kuacha. Kuna dawa za kupunguza hamu, na kuna aproni isiyoshika moto ambayo naweza kuipata hapa stoo. Ninachotaka ni kujua tu, ili nijue nitume nini.

Mdogo wako


4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole na huo mgongo. Huku tumeamka salama, mvua imepungua, na wateja wangu wote wamekumbuka siku moja kwamba shule zimefunguliwa. Nimezungukwa na sketi za sare mpaka sioni mlango.

Makopo yamefika, hakuna lililovunjika. Baba ameisoma barua yako kwa miwani yangu, akasema Mkaguzi, yaani wewe, amefika bila kupanda gari. Kisha akafungua kopo, akanusa, akatoa hukumu yake kwamba kisichonuka thina hakiwaki, na kwamba yeye amefanya kazi na vitu vinavyowaka tangu wewe hujazaliwa. Nikamwambia apeleke hiyo elimu bafuni, akaoge.

Kusema kweli krimu inafanya kazi. Siku za kwanza alinuna, akadai nampaka kama sufuria inayotaka kusuguliwa kutu. Wiki ya pili usingizi ukarudi. Sasa ikifika saa sita mchana anakaa mwenyewe kwenye kigoda, shati begani, anasubiri mgongo upakwe. Kila anayeingia kushonewa anaonyeshwa mkono na kuambiwa, "Binti yangu wa hospitali ndiye aliyenitibu." Wanadhani wewe ni daktari, na yeye hawarekebishi.

Mkeka wa bafu nimetandika. Kijiko nimekitenga. Kuhusu sigara, ondoa wasiwasi. Ameacha tangu Desemba, baada ya kile kikohozi. Nakuapia kwa kaburi la Mama.

Dada yako


23 Februari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama katikati ya mikokoteni ya shuka, na nimecheka mpaka wenzangu wakataka kusomewa. Hamjambo wote? Mwambie Baba aendelee kunitangaza udaktari, ila asianze kuniletea wagonjwa.

Habari ya sigara ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Nimemwambia kila mtu hapa. Unajua Mama alivyomsihi miaka yote ile bila mafanikio, na leo kaacha kimya kimya, hata sherehe hakutaka.

Nikueleze kwa nini nilikung'ang'ania. Wiki iliyopita msimamizi wetu alitutoa uani tuone kitu. Alikuwa na vipande viwili vya shuka kuukuu na kiberiti. Kimoja kilikuwa kisafi kabisa. Cha pili kilitoka kwa mgonjwa wa wodi ya ngozi, na kilikuwa kimefuliwa mara tatu kwa maji ya moto, nacho ukikitazama ni kisafi vilevile. Cha kwanza kilichelewa kushika moto mpaka tukaanza kupiga soga. Cha pili kilishika papo hapo, na kabla hajakiachia kilikuwa kimekwisha. Nilirudi kwenye mashine namshukuru Mungu kwamba hilo si letu tena.

Bado mbadilishie nguo kila siku, na shuka zake uzifue peke yake kwa maji ya moto. Aproni nimeiacha stoo, kuna mgonjwa mwingine aliyeihitaji. Kopo la nne liko njiani.

Mdogo wako anayekupenda


12 Mei

Mdogo wangu,

Unisamehe kwa kimya. Natumaini wewe ni mzima. Huku si wazima, na nimeshindwa kujua nianzie wapi.

Baba aliungua tarehe 16 Aprili. Alikuwa anachemsha chai, shati likagusa moto wa jiko. Ameungua kifua, shingo na mkono wa kulia. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji na majirani wakatupeleka hospitali. Amelazwa siku ishirini na tatu, wamemtoa ngozi ya paja wakampandikiza kifuani. Sasa yuko nyumbani, anakula, anaongea kidogo. Hatari imepita, ndivyo walivyosema.

Sikukupigia kwa sababu ungeisikia sauti yangu ukapanda gari siku hiyo hiyo, na kazi yako unaijua, haina ruhusa za ghafla. Usije sasa. Hakuna utakalofanya ambalo sifanyi.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu,

Salamu zako nimezipata, na mimi sijui nikusalimu vipi. Nimekupigia mara nne. Ulipokea mara moja, ukasema uko kliniki, ukakata. Sikulaumu, najua umechoka kupita kiasi.

Nimerudia kuisoma barua yangu ya Januari, nilibaki na nakala. Nilikuandikia kijiko, mkeka, vinyweleo, nikakuandikia sigara mistari kumi. Jiko sikulitaja hata mara moja. Nilijua moto ni moto, nikaona mmoja tu kwa sababu ndio niliozoea kuugombeza. Hata barua ya pili, baada ya kukiona kile kitambaa kikiteketea kwa macho yangu, nilishindwa kuandika kwamba Baba asikaribie jiko. Nesi wa wodi ya ngozi ananiambia si kosa langu. Ananiambia kwa upole, jinsi wanavyowaambia ndugu wa wagonjwa.

Mimi ndiye niliyemtumia krimu, na mimi ndiye niliyewahakikishia kwamba nimewaambia yote. Wewe ulimpaka kwa kunitii. Naomba unisamehe, Dada. Mwambie na Baba anisamehe. Siwezi kumwambia mwenyewe, nikishika simu nalia. Wiki hii nimekunja mashuka mpaka msimamizi akanirudisha nyumbani kwa sababu nayakunja vibaya.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Nimekuwa na barua yako siku saba chini ya meza ya cherehani. Kila nikikanyaga pedeli naigusa kwa goti. Sina salamu ya kukupa kabla sijasema hili.

Hakukuwa na jiko. Baba hajachemsha chai hata siku moja tangu Mama afe, na nilishangaa ulivyolimeza hilo. Baba alikuwa anavuta. Hakuwahi kuacha. Alikaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, nimetoka kumpaka, amevaa shati la jana kwa sababu mimi sare zilikuwa zimenibana nikasema nitafua kesho. Nilikuwa mbele, napinda sketi. Nilisikia anakohoa, kisha nikasikia anaita jina la Mama. Nilipofika shati lilikuwa limeshika moto mpaka kwenye kola.

Na sigara nilimpa mimi. Nilikuwa namnunulia mimi, mbili kwa siku, tangu Januari. Alinisihi nisikwambie, akasema ukijua utamfanya mgonjwa wa wodi. Kiapo cha kaburi la Mama nilikiandika bila kuombwa.

Utauliza kwa nini. Wewe uko mbali, na kila siku nyumba hii ni wewe. Ninampikia, ninamfulia, ninamwogesha, na anayetibu ni binti yake wa hospitali. Nikimwinua kitandani ananiuliza kama umeandika. Isipokuwa ile saa ya sigara. Alipokuwa akivuta alikuwa anaongea na mimi. Alinisimulia alivyokutana na Mama, alinisimulia nyumba ya kwanza aliyoipaka na mwenye nyumba akakataa rangi. Ilikuwa siri ya mimi na yeye, na sikuwa na kitu kingine na Baba ambacho wewe hukuwemo. Barua zako nilizisoma zote. Nilijiambia kwamba unatia chumvi kama kawaida yako, na kwamba nipo karibu, nitaona.

Kule wodini, siku aliyoweza kusema, alinivuta mkono akanena, "Mwambie ni jiko." Nikakwambia ni jiko. Ningeendelea nalo mpaka kaburini. Ila hukutakiwa kuniomba msamaha. Hilo nimeshindwa kulibeba.

Sasa ameacha kweli. Nesi wa kliniki anayemfunga vidonda anasema ngozi mpya inakauka sana na makovu yatahitaji krimu ile ile kwa muda mrefu, labda mwaka na zaidi. Kopo la mwisho liko nusu. Najua sina uso wa kukuomba, ila naomba kwa ajili yake.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Salamu nimejaribu kuziandika mara tatu na mara tatu nimezikata, kwa hiyo tuziache.

Nilikuuliza swali moja. Nilikwambia sitamnyima na sitamsema, nikakufungulia mlango kabisa, ulichotakiwa ni kuandika neno moja tu. Aproni ilikuwa kwenye rafu, hatua kumi kutoka ninaposimama kazini. Ilikwenda kwa mtu mwingine kwa sababu yako. Nimempita mtu huyo juzi kwenye ukumbi wa wodi, mzima, na nikamchukia, mtu ambaye hajanikosea chochote.

Baba alinidanganya kama wavutaji wote wanavyodanganya, nilitarajia hivyo, ndiyo maana sikumuuliza yeye. Nilikuuliza wewe. Na ulipoona nimeamini ukanyamaza nikiwatangazia watu. Baada ya hapo ukaniacha nijilaumu kwa jiko ambalo halikuwapo. Umekaa na barua yangu ya kuomba msamaha siku saba chini ya meza, na siku zote hizo mimi nilikuwa silali.

Hilo la kwamba Baba ananitaja mimi tu nimeliamini. Limeniuma, na lina haki ndani yake. Ungeliandika Januari ningelilia pamoja na wewe, na ningemwandikia Baba barua ambayo asingeisahau. Umeliandika Juni, baada ya kifua chake kuungua, na sasa sijui nilishike wapi.

Nitakuja Septemba, likizo yangu imekubaliwa. Nitafikia kwa shangazi, nitakuja hapo mchana kumwona Baba na kuondoka. Usinitandikie kitanda.

Krimu nimetuma, makopo sita. Nimeyaelekeza kwa nesi wa kliniki kwa jina lake. Yeye atawapa moja moja na yeye ndiye atakayeangalia nguo na shuka. Ukiwa na swali muulize yeye.

Kuna jambo la mwisho. Uliandika kwamba sasa ameacha kweli. Niliitazama sentensi hiyo na ile ya Februari nikiziweka pamoja mezani, nikatafuta tofauti, sikuipata. Mwandiko ni ule ule, maneno karibu ni yale yale. Kwa hiyo nilimpigia nesi nikamwomba apite nyumbani bila taarifa. Alipita Jumanne. Alikagua mlango wa nyuma, alikagua mifuko ya mashati, alimnusa Baba vidole mbele ya watu, na Baba alimwacha amnuse. Akanipigia kuniambia kwamba Baba ameacha.

Nilifurahi sana, nikakaa chini palepale kwenye korido. Ndipo nikakumbuka kwamba dada yangu alikwisha kuniambia, na nilikwenda kumuuliza mtu baki.

Mdogo wako