Chumba cha Nyuma ya Jicho

Jumatatu, 4 Machi
Nimesoma skani ya dada. Sikupaswa kuisoma mimi — mtu hasomi picha ya ndugu yake — ila leo zamu hospitalini ilikuwa yangu peke yangu. Pua imejaa vinyama, hilo nilitegemea. Lakini kulia, nyuma kabisa, kuna chumba cha hewa ambacho watu wengi hawana. Kimepanda juu mpaka kikaukumbatia mshipa wa fahamu wa jicho. Hakuna hata mfupa wa kuufunika. Uko uchi! Na chumba chenyewe kimejaa usaha.

Nimenawa mikono mara mbili. Sijui kwa nini, sikuwa nimeshika kitu.

Jumanne, 5 Machi
Baba hanitoki kichwani. Aliingia kusafishwa pua, akatoka jicho la kulia halioni. Enzi zake hapakuwa na skani, daktari alipapasa tu. Tangu hapo ukimjia kwa kulia alikuwa akigeuza shingo nzima, polepole, akutafute kwa lile la kushoto. Dada na mimi tulimwita Bundi, nyuma ya mgongo wake. Tulicheka sana.

Vitabu havisemi kama chumba hiki hurithiwa. Lakini pua ya dada ni ya baba. Kicheko cha baba. Ukaidi wa baba.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempelekea daktari mpasuaji picha. Kumbe chumba ameshakiona, kabla sijanyoosha kidole. Anasema asiyekijua chumba hicho hufyeka tu akidhani ni vinyama, akakata na mshipa. Yeye atafungua kidogo, usaha utoke, ukuta hataugusa. Na tukiacha? Usaha utaubana mshipa mpaka jicho life lenyewe. Ni kusuka au kunyoa.

Nikamwuliza kama amewahi kumpofusha mtu. Akasema bado. Hiyo "bado" nimeondoka nayo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemkuta dada kwenye cherehani, uzi mdomoni. Nikamweleza yote. Akacheka — kumbe ana nyumba ya vyumba vingi kichwani, na mpangaji mwenyewe usaha, tena halipi kodi! Kisha akafumba jicho la kushoto, akatunga uzi kwenye sindano kwa lile la kulia. Ukapita mara ya kwanza. Akauliza: ingekuwa wewe, mdogo wangu?

Nikasema ningefanyiwa.

Aliyesema ni mimi, si daktari. Naogopa.

Jumatatu, 11 Machi
Benchi, nje ya thieta. Daktari ametoka, barakoa shingoni. Anasema usaha umetoka, mshipa ameuona kwa macho yake na hakuugusa. Nimelia mbele ya wafagiaji. Wacha waone!

Baadaye. Nesi ameniita. Dada ameamka, nusukaputi haijamwisha vizuri, pua imezibwa pamba. Kushoto kwake ni ukuta, kwa hiyo nimeingia kwa kulia. Macho yako wazi, yote mawili. Amesikia viatu vyangu.

Akageuza shingo. Nzima. Polepole.

Labda ni pamba. Labda ni dawa. Nesi amekwenda kumwita daktari aje ampime. Naandika nimesimama palepale kulia, jicho la kushoto lisipofika. Dada anauliza: nani hapo?

Nataka anitaje kwa kuniona, kabla hajasikia sauti yangu.