Nyumba Yangu Si Banda la Ng'ombe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamfukuza mtu kiwanjani, maana mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nimewachorea wengine miaka na miaka, safari hii nikajichorea ya kwetu kule shambani juu ya kilima, nyumba ndefu kama ghala la mahindi, paa la bati jeusi lenye mteremko mkali, ndani hakuna dari, mbao za kenchi zinaonekana zote, jiko na sebule ni ukumbi mmoja wenye dirisha kubwa la kutazama bonde, na vyumba vyote vya kulala viko juu, unapanda kwa ngazi ya mbao, na mume wangu aliipenda mpaka akaibandika ukutani kazini kwake, lakini mama mkwe, ambaye tutahamia naye, alipoiona tu akasema, "Mimi nilizaa watu, sikuzaa ng'ombe," na siku ya kwenda kiwanjani akagoma kupanda kilima, akabaki garini anasonya, na sasa ukoo mzima unaniuliza watafungwa kamba upande gani, na mume wangu badala ya kunitetea kaenda kimyakimya kwa fundi akaagiza dari na ukuta wa kugawa ukumbi, nikafika nikakuta matofali yamepangwa katikati ya dirisha langu! Nikayabomoa kwa mikono yangu. Fundi kaweka mwiko chini mpaka tuwe na kauli moja, mume haongei nami, na mimi sirudi nyuma ng'o. Itasimama nilivyoichora au isisimame kabisa. Je, nakosea?

Mchora ramani

Mkaidi wangu,

Pole, na hongera. Dari usikubali. Na wewe baba, kama unasoma hapa, uliibandika ramani ukutani, leo unazunguka mlango wa nyuma kwenda kwa fundi? Si ungesema mezani?

Sasa geuka nawe nikusute. Nimetafuta katika barua yako mahali atakapolala mama mkwe. Vyumba vyote juu, umesema. Dada yangu, mtu aliyeshindwa na kilima ndiye utampandisha ngazi? Akishikwa na haja, nani atamteremsha? Kenchi umezichora, bonde umelichora, mama wa watu hukumchora. Ni rahisi kwake kutukana paa kuliko kukwambia, "Mwanangu, magoti yamekwisha."

Shika penseli leo hii. Weka chumba chini, mlango unaofungika, choo kando, dirisha litazame bonde hilohilo. Mpelekee yeye kabla ya fundi, muulize kitanda kielekee wapi, na kwa chumba hicho neno lake liwe la mwisho. Kisha mumeo aende kwa fundi kwa miguu yake ileile akaseme mbele yako: hakuna dari, hakuna ukuta wa kugawa ukumbi. Ukoo ukiuliza habari za kamba, waambie waje nazo, kuna mizigo ya kuhamisha.

Paa usiguse hata bati moja. Na mama mkwe akiendelea kuiita banda, mwache aite. Atakuwa anaita akiwa kitandani kwake, mlango kaufunga mwenyewe.