Kilo hasi sabini za Faustine

Diana uko wapi. Faustine wetu kaaibika leo huku Guta, watu hawana mbavu.

Unakumbuka ile programu ya mzani wa pamba, iliyoandikwa kwa lugha ya C? Ina function inayopokea parameta mbili: uzito wa gunia lililojaa kwanza, gunia tupu baadaye, inatoa la pili kwenye la kwanza. Jana Evance, mwenzake wa programu, kazibadilisha nafasi. Kazi ya Faustine ilikuwa kukagua kama kila mahali inapoitwa pamerekebishwa. Si unamjuaga. Kasoma faili moja, kaandika "Safi, pitisha", karudi kula sato wake.

C haikulalamika. Zote namba, itajuaje.

Leo mama Gaudensia kaweka gunia lake la pamba mzanini mbele ya wakulima wenzake wote. Kioo kikaandika hasi thelathini na nane. HASI, Diana.

Mama akauliza, "Kwa hiyo ningelima zaidi ningepata pungufu?"

Faustine kasema mzani umechoka na safari, kapanda mwenyewe kuuhakiki. Hasi sabini. Mwili wote ule, hasi sabini.

"Nani alikagua hii kitu?" mama akauliza.

Faustine kanyoosha mkono kama wa darasa la pili. Kakiri mpaka alichoandika.

Evance karekebisha palepale. Faustine anataka kupitisha, mama kamzuia: "Sisi gunia tupu tunalipimaga mbele ya watu. Na wewe soma mbele ya watu."

Kasoma kila mstari kwa sauti, jasho linamtoka. Alipofika mwisho hakuthubutu kubonyeza.

"Mama, nipitishe?"

"Weka gunia kwanza."

Thelathini na nane, bila hasi.

"Safi," mama akasema. "Pitisha."